Daraja la Alhamisi

Oulu, Januari. Nje baridi inang'ata hata chuma.
Sisi tuko chini ya ghorofa:
chumba cha kufulia upande huu, sauna ya jengo upande ule,
na meza moja ambayo mguu wake umetiwa kipande cha kadibodi.
Soksi za sufu. Kahawa. Mikate ya iliki aliyoioka Oili.
Nimesimamisha pazia langu la karatasi ngumu,
nyuma yake dadu, penseli, daftari,
na ulimwengu mzima usio na uzito wa punje.

"Mbele yenu korongo," nasema. "Juu yake daraja la mawe."

"Siamini," asema Jarkko.

Jarkko ni fundi umeme.
Hagusi waya mpaka aupime, na akishaupima huupima tena.
Wiki tatu zilizopita nilimlaza kwenye kitanda cha hariri,
akaamka topeni, mkoba mtupu.
Tangu usiku ule haamini mlango, haamini mvua.
Muuza supu alimnyoshea bakuli; akamwambia, wewe hupo.
Muuza supu alilia. Nilimliza mimi, kwa sauti yangu,
na Veikko, anayeamini kila kitu, akamlipa mara mbili.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema.
Hapa mezani hatuna macho.
Hapa kila mtu huambiwa tazama.
Daraja la kweli nalijenga kwa pumzi,
la kiinimacho nalijenga kwa pumzi ile ile,
mawe yale yale, ukungu ule ule,
na nikikohoa tu kabla ya kulitaja
watu watatu wanaweka vikombe chini.

Kwa hiyo nimejifunza kurusha dadu bila sababu.
Narusha nikiulizwa saa. Narusha, natazama, naguna,
naandika daftarini: maziwa, sabuni, betri.

"Siamini," asema tena.
Mkono wako unafanya nini?
"Nini?"
Kutoamini si neno, Jarkko. Maneno ninayo tele.
Wewe nipe mkono.
Unagusa? Unarusha jiwe?
Unamwaga unga uone kama unatua?
Daraja bichi la ukungu lina harufu;
aliyelitunga kwa hila huenda aliisahau.

Kimya. Ng'ambo ya ukuta mashine ya kufulia
inaanza kuzungusha mashuka ya mtu wa ghorofa ya nne.
Veikko anashtuka: "Kuna kitu korongoni!"
Simkanushi. Zawadi hairudishwi.

Oili, ambaye mchana hutengeneza meno ya bandia
na Alhamisi usiku ni bingwa wa viinimacho,
anasema akiupakaza mkate siagi:
"Jino jeupe mno hugunduliwa kabla mtu hajacheka.
Mimi hulitia doa."

Jarkko analitazama daraja, yaani anautazama mdomo wangu.
"Najifunga kamba kiunoni. Veikko anashika ncha.
Nakanyaga mguu mmoja. Na sijasema naamini."
Sijakuuliza.

Dadu yake inaruka, inaingia chini ya kipasha joto.
Watu wazima wanne tunapiga magoti na tochi ya simu.
Kumi na saba.

Nafungua daftari. Wiki jana niliandika, nakumbuka niliandika:
Daraja la k
na hapo kikombe kiliketi, kahawa ikanywa yaliyobaki.
La kweli. La kiinimacho.
Herufi moja, na chini yake shimo.
Wananisubiri. Veikko ameshika kamba isiyokuwepo
kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe.

"Jiwe ni baridi chini ya soli," nasema. "Linanuka kuvu."
Hiyo kuvu nimeiokota papo hapo, ukutani kwa sauna.

Saa nne tunapanda ngazi, kofia mpaka masikioni.
Jarkko anabaki nyuma.
"Kerttu. Lile daraja. Lilikuwa la kweli?"

"Ulilivuka."

Anafungua mlango wa nje.
Anaigonga barafu ya kizingitini kwa kisigino,
mara mbili,
ndipo anakanyaga.